Mashine Hii ni Mgeni wa Nani?

Orodha ya istilahi za informatiki iliyotayarishwa na semina ya tafsiri mwaka huu ina maneno mengi mazuri, na walioiandaa wanastahili shukrani. Lakini limo neno moja ambalo naomba lisipite bila kujadiliwa. Ni "mashine pepe", lililowekwa mkabala na neno la Kifaransa "machine virtuelle". Naambiwa lilikubaliwa kwa dakika mbili tu: ujumbe wa kompyuta ni barua pepe, basi na mashine nayo iwe pepe. Hakuna aliyeuliza hiyo mashine ni kitu gani, inafanya kazi gani, wala ilitoka wapi.

Mimi si mtu wa informatiki. Ni mwanafunzi wa lugha ambaye, ili kulipa minerval, hufanya kazi ya jioni katika duka la kuchapa na kutoa nakala huko Makiso. Kompyuta kubwa ya pale inaendeshwa na Linux, na ndani ya Linux hiyo tunaendesha Windows XP ya zamani, kwa sababu programu ya mashine yetu ya kuchapia kadi haikubali kitu kingine. Ukiitazama ile XP kwenye kioo, utaona kompyuta nzima: inawaka, inazima, ina diski yake, inadhani prosesa ni yake peke yake. Wateja wakituletea flashi zenye virusi, tunazifungulia humo ndani. Ikiugua, tunaifuta, tunarudisha nakala safi, na kazi inaendelea. Hiyo ndiyo machine virtuelle. Nimeishi nayo miaka miwili na sijaona upepe wake.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapa ni kitivo cha lugha. Katika Kiswahili sanifu, pepe ni punje ya nafaka isiyo na kiini ndani. Mtoto mapepe ni yule asiyetulia. Halafu kuna upepo, kupepea na kupeperuka, ambavyo bila shaka ndivyo vilivyowavutia waliobuni "barua pepe", na kwa barua sina ugomvi nao, kwa kuwa barua inayoruka ni picha nzuri. Lakini mjini Kisangani, ambako mpunga ulifika pamoja na Kiswahili chenyewe, ukiletwa na Waungwana wa enzi za Tippu Tip, kumwambia mtu kwamba mashine yake ni pepe ni kumwambia amevuna maganda. Na neno la Kilaya linalotafsiriwa lina maana iliyo kinyume kabisa na hiyo. Shina lake ni la Kilatini, virtus: nguvu, uwezo. Wanafalsafa wa zama za kati waliliita virtualis jambo lililopo kwa uwezo na kwa matokeo, hata kama halipo kwa umbo. Kwa hiyo tumechukua neno la uwezo na kulitafsiri kwa neno la utupu.

Sasa historia, ambayo ingetuongoza vizuri zaidi kuliko kamusi. Kitu hiki ni karibu rika moja na chuo kikuu chetu, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo. Miaka ile kompyuta ilikuwa inajaza chumba, bei yake ilikuwa ya kutisha, na kwa kawaida ilifanya kazi ya mtu mmoja mpaka iishe ndipo ya mwingine ianze. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT, kundi la Fernando Corbató lilikuwa limeonyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao watu kadhaa waliutumia kwa wakati mmoja, kila mmoja akipewa sehemu ndogo ya muda wa mashine. Kila mtengenezaji alitaka kitu cha namna hiyo. IBM iliweka fedha na watu wengi katika mradi rasmi ulioitwa TSS, mfumo mkubwa mno, uliochelewa na kuwasumbua.

Pembeni, katika ofisi yake ndogo ya Cambridge, Massachusetts, kundi lililoongozwa na Robert Creasy lilishika njia nyingine mwaka 1964. Badala ya kuandika mfumo mmoja mkubwa unaojua kugawana kila kitu, waliandika programu nyembamba yenye kazi moja: kumpa kila mtumiaji kompyuta nzima ya kwake. Si kipande cha kompyuta, bali kompyuta kamili yenye kumbukumbu yake, vifaa vyake na vitufe vyake, isipokuwa haipo kwa chuma. Ndani ya kila moja waliweka mfumo mdogo wa mtu mmoja, ulioitwa CMS, ambao haukuwa na haja ya kujua kama kuna majirani. Januari 1967 mfumo huo, CP-40, ulikuwa umeanza kutumika, ukiweza kubeba mashine za namna hiyo 14 juu ya chuma kimoja. Nawapenda watu hawa. Mradi mkubwa wenye bajeti ulikwama. Mradi mdogo wa pembeni ukazaa ukoo ambao haujakatika mpaka leo. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM iliutangaza rasmi kwa wateja wake wote kwa jina la VM/370.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika makala fupi ambayo ningependa isomwe na kila anayetaka kubuni istilahi ya jambo hili. Walieleza masharti matatu. La kwanza: programu iliyo ndani ya mashine hiyo itende sawasawa na vile ingetenda kwenye mashine ya chuma. La pili: mwenye mamlaka juu ya mali yote ya mashine abaki kuwa yule msimamizi wa chini, si aliye ndani. La tatu: sehemu kubwa ya amri iendeshwe moja kwa moja na prosesa, bila mtu kuingilia kati, ili kasi isipotee. Tazameni sharti la pili. Kiini cha jambo zima ni mamlaka: yuko mmoja anayedhani nyumba ni yake, na yuko mwingine aliye na ufunguo. Nani hapa kwetu anashindwa kuwaita watu hao wawili kwa majina? Mmoja ni mgeni na mwingine ni mwenyeji.

Na hili si pambo langu. Mafundi wenyewe, kwa lugha zao, wanasema hivyo hivyo kila siku: mfumo mgeni, mfumo mwenyeji. Sisi tuna maneno hayo mawili yakiwa na karne za methali nyuma yake, na tumekwenda kuchukua ganda la mpunga.

Nipite haraka miaka ya 1980, ambapo kompyuta ndogo zilikuwa rahisi na kila mtu akapewa ya kwake, hata watu wakaona hakuna haja ya kugawana. Sehemu inayopaswa kutuvutia sisi wa kitivo hiki ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu tatizo lilitatuliwa na mkalimani.

Prosesa za ukoo wa Intel, zilizokuwa zimejaa duniani, hazikutimiza masharti ya Popek na Goldberg. Zilikuwa na amri ambazo, mgeni asiye na mamlaka akizitoa, hazikatazwi wala hazimwamshi mwenyeji. Zinapita kimya kimya na kutoa jibu lisilo sahihi. Mwaka 2000 watafiti John Robin na Cynthia Irvine walizihesabu katika prosesa ya Pentium wakakuta 17. Wengi walisema basi, kwa prosesa hizi haiwezekani. Lakini tayari kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, lililokuwa limejaribu wazo hilo kwa mradi wa Disco mwaka 1997, lilikuwa limeanzisha kampuni ya VMware mwaka 1998, na mwaka uliofuata likauza bidhaa yake ya kwanza. Walichofanya ni kumweka mkalimani mlangoni. Kabla kiini cha mfumo mgeni hakijatekelezwa, mkalimani anakisoma kipande kwa kipande. Amri salama anaziacha zilivyo, zile za hatari anazigeuza kuwa amri nyingine zenye matokeo yale yale, na tafsiri anaiweka akiba ili asirudie kazi. Mgeni hajui kwamba maneno yake yanatafsiriwa. Anayefundishwa katika kitivo hiki kwamba tafsiri nzuri ni ile inayoleta matokeo yale yale kwa msikilizaji, ataona kwamba wahandisi wa California waliijenga kanuni hiyo ndani ya mashine na kuiuza dukani.

Mwaka 2003 watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kile cha Uingereza, walikuja na Xen, na wao wakakataa mkalimani. Walisema: kwa nini tumdanganye mgeni? Tumwambie wazi kwamba yuko ugenini, tumrekebishe kidogo, na anapotaka jambo kubwa amwombe mwenyeji kwa njia iliyowekwa. Kasi ikaongezeka sana. Kila mwenye bibi anaijua kanuni hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Xen ni siku ya tatu. Baadaye, mwaka 2005 na 2006, Intel na AMD walirekebisha prosesa zenyewe ili ugeni utambuliwe na chuma, na kazi ya mkalimani ikapungua. Linux ikapewa uwezo wa kukaribisha wageni ndani ya kiini chake mwaka 2007. Kompyuta ya duka letu la Makiso inaishi kwa fadhila za hayo yote.

Kuna tawi jingine la ukoo huu, kontena, na hapo picha ya nyumba inasaidia zaidi. Fikirini parseli ya Mangobo yenye wapangaji wanne. Kama kila mpangaji ana jiko lake, choo chake na mlango wake wa barabarani, hizo ni mashine geni kamili. Kama kila mmoja ana chumba chake lakini wote wanapikia jiko moja uani, hizo ni kontena: mfumo mmoja, kiini kimoja, vyumba vingi. Ni nafuu na ni haraka, ila jiko likiungua wote wanalala njaa. Wazo lilianza na amri ndogo ya Unix mwaka 1979, likakomazwa na FreeBSD mwaka 2000 (wao waliviita vyumba hivyo "jela", wala siwalaumu, kuna parseli za namna hiyo), na likaenea duniani kote baada ya Docker kutokea mwaka 2013.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya nichukue kalamu, kwani kama ingekuwa ni uzuri wa neno tu, ningenyamaza.

Mdogo wangu anasoma katika taasisi moja ya mjini hapa, ambayo sitaitaja. Mwaka jana alikwenda kudai alama zake ili ajiandikishe mwaka unaofuata. Akaambiwa alama hazionekani. Kwa nini? "Kwa sababu système ni virtuelle." Akarudi baada ya wiki, jibu likawa lile lile. Wanafunzi wote waliokuwa kwenye foleni walikubali kwa vichwa, kama watu walioambiwa kwamba mvua imenyesha. Kitu cha hewani kimepotelea hewani, utamdai nani? Nilipokwenda naye mara ya tatu niliuliza swali moja tu: mashine ya alama iko kwa nani? Ofisa, kijana mwungwana kabisa, alifungua daftari akajibu bila shida: wamekodi nafasi kwenye seva ya kampuni fulani ya nje, malipo ya mwaka hayajapelekwa, kampuni imefunga mlango. Alama zilikuwepo muda wote. Zilikuwa kwenye diski ya chuma, katika jengo lenye anwani, chini ya mwenyeji mwenye jina na bei. Malipo yalipokwenda, zilirudi kwa siku mbili. Mdogo wangu alikuwa amepoteza wiki tano.

Wale vijana kwenye foleni si wajinga. Walinyamazishwa na neno. Ukisema "pepe", au "wingu", ambalo nalo limo kwenye orodha, umemwondoa mwenyeji kwenye sentensi. Ukisema "mashine mgeni", sarufi yenyewe inamlazimisha msikilizaji kuuliza: mgeni wa nani? Huwezi kuwa mgeni bila kuwa kwa mtu.

Na swali hilo si dogo kwa bara letu. Agosti 2006 Amazon ilianza kukodisha mashine geni kwa senti 10 za dola kwa saa, na biashara hiyo ndiyo iliyozaa "wingu" la leo. Wachache wanajua kwamba huduma hiyo, EC2, ilijengwa Cape Town, na kundi dogo lililoongozwa na Chris Pinkham, aliyekuwa amerudi kwao Afrika Kusini, wakitumia Xen. Akili ilikaa Afrika. Nyumba za kuwakaribishia wageni zilijengwa kwingine, na Amazon haikufungua ukanda wa seva zake barani humu mpaka Aprili 2020, katika mji ule ule wa Cape Town. Au chukueni M-Pesa. Ilianza Kenya Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zilizohesabu fedha za mama mboga wa Nairobi zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Hakuna aibu kuwa mgeni. Aibu ni kutojua uko kwa nani.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba "pepe" limeshazoeleka Dar es Salaam na Nairobi, na sisi wa Kisangani ni nani hata tubishe. Jibu langu ni kwamba mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, nacho hakikungoja ruhusa ya mtu. Na kama Dar wanasema kompyuta, Kenya wanasema tarakilishi, na sisi hapa tunasema ordinatere bila mtu kufa, Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa pendekezo kutoka Tshopo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: "mgeni" halitafaa kila mahali panaposemwa "virtuel". Kweli. Mkutano wa Zoom si mkutano mgeni; ni mkutano wa mtandaoni, basi. "Mémoire virtuelle", ile iliyoanzia kwenye kompyuta ya Atlas ya Manchester mwaka 1962, ambapo mashine ikikosa nafasi huhamishia sehemu ya kumbukumbu mahali pengine na kujifanya bado inayo, mimi ningeiita kumbukumbu ya kuazima. Lakini hilo halidhuru hoja yangu, linaisaidia. Kifaransa kimekusanya vitu vitatu tofauti chini ya neno moja, na hakuna sheria inayotulazimisha kubeba mzigo huo kama ulivyofungwa.

Kwa hiyo naomba semina ibadilishe mstari huo: "mashine mgeni", "mfumo mgeni", "mashine mwenyeji". Kwa kitendo chenyewe, "virtualisation", sina neno la kujivunia. "Ukaribishaji" linakaribia, ila litachanganywa na kukodisha nafasi ya tovuti. Anayekuja na zuri zaidi nitampigia makofi.

Limebaki lile la msimamizi. Zamani kiini cha mfumo kiliitwa "supervisor". Ilipopatikana programu ya kuwasimamia wasimamizi, wahandisi walimaliza Kilatini wakakopa Kigiriki: "hypervisor". Super na hyper zote maana yake ni "juu ya", kwa hiyo hawakutuachia kitu cha kutafsiri. Nilipendekeza "kapita", neno ambalo kila fundi wa ujenzi mjini hapa analielewa, na mwalimu mmoja akanikatalia kwa uzito: kapita, alisema, ndiye aliyewekwa vijijini kusimamia uchumaji wa mpira wakati wa Leopold, na hatutaki jina lake ndani ya mashine zetu. Nikasema basi tuchukue "nyapara", aliyeongoza wapagazi wa misafara. Akaniuliza kama nadhani wapagazi walimpenda zaidi. Tumekubaliana kulipeleka kwa semina ya Alhamisi, na kila mtu atakuja na kamusi yake.